Sura ya Tano: Jiwe Lililopanda Lori

Anayeanza kujifunza kusoma miamba kwa picha za setilaiti hupelekwa kwanza kule ambako mwamba uko uchi. Hupewa Oldoinyo Lengai, volkano ambayo lava yake hutoka nyeusi, ikikutana na unyevu wa hewa ikageuka nyeupe. Au hupewa vilima vya Dodoma na Singida, ambako mawe ya itale yamejitokeza juu ya ardhi na hayahitaji mkalimani. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ila mimi nakupeleka Kariakoo, mahali ambapo hakuna jabali hata moja, na miti ya mtaa mzima unaweza kuihesabu ukiwa umekaa nyuma ya bodaboda. Sababu ni kwamba Kariakoo imejaa mawe na mimea kupita maeneo mengi ya nchi hii. Vimefika tu kwa lori.

Tuanze na saa. Landsat 8 na Landsat 9 hupita juu ya Dar es Salaam zikishuka kutoka kaskazini kwenda kusini, kila moja mara moja kwa siku 16, zikipishana kwa siku 8. Jiji liko kwenye mkondo namba 166, safu namba 65, kipande cha ardhi na bahari chenye upana wa kilomita 185 kinachoanzia juu kidogo ya jiji na kushuka hadi delta ya Rufiji. Picha hupigwa kama saa nne na nusu asubuhi. Mwenyeji wa Kariakoo anajua saa nne na nusu ni nini. Mtaa wa Congo umeshafurika, miavuli imefunguliwa, turubai zimetandikwa chini na nguo za mitumba juu yake, maguta yanapita kwa kelele, na mteja wa mkoani anatafuta bei ya jumla ya vitenge huku ameshika begi kifuani.

Haya yote, kutoka kilomita 705 juu, yanaingia kwenye kijiraba kimoja. Pikseli moja ya Landsat ina mita 30 kwa mita 30, yaani mita za mraba 900. Ndani ya kijiraba hicho kuna paa la zege lenye matangi ya maji, bati lililopauka, kipande cha lami, miavuli ishirini, na watu wasiohesabika. Setilaiti haivitenganishi. Inachukua mwanga wa jua uliogonga vitu vyote hivyo na kurudi angani, inaugawa kwa rangi, kisha inaandika namba moja kwa kila rangi. Atakayekwambia ameona mti wa Kariakoo kwenye picha ya Landsat, muulize ameona namba gani.

Namba zenyewe si ngumu. Jani bichi linakula mwanga mwekundu na wa buluu kwa ajili ya kutengeneza chakula chake, kazi inayofanywa na klorofili. Kijani linakirudisha kidogo, ndiyo maana tunaliona hivyo. Lakini kuna mwanga mwingine, infraredi ya karibu, ambao macho yetu hayauoni kabisa, na huo jani halina kazi nao. Chembe za ndani ya jani zinautawanya na kuurudisha kwa wingi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kuna uhai wa kijani mahali fulani, usitafute rangi ya kijani. Linganisha wekundu na infraredi: toa kimoja kwa kingine, gawanya kwa jumla yao. Tuseme mwarobaini wenye afya unarudisha asilimia 5 ya mwanga mwekundu na asilimia 45 ya infraredi. Arobaini gawanya kwa hamsini, unapata 0.8. Bati lililochakaa likirudisha asilimia 25 ya wekundu na 28 ya infraredi, jibu ni kama 0.06. Udongo mkavu, 20 kwa 28, unapata 0.17.

Kipimo hiki kilianza kutumika kwa data za Landsat ya kwanza, iliyorushwa Julai 1972, watafiti wa Texas walipotaka kufuatilia majani ya malisho kwenye nyanda za kati za Marekani. Leo ndicho kinachotumika kubashiri njaa Turkana na kukadiria hali ya malisho Longido. Na ndicho kinachowaumbua mafundi wa paa wa Dar es Salaam. Mabati ya rangi ya kijani yamependwa sana mjini. Kwenye picha ya kawaida ya angani yanaweza kumfanya mgeni adhani kuna bustani juu ya ghorofa. Kwenye infraredi ujanja huo kwa kawaida unaishia hapo, kwa sababu rangi ya kiwandani hairuki ghafla kutoka wekundu kwenda infraredi kama jani linavyoruka.

Sasa uweke mti mmoja ndani ya ile pikseli. Mwarobaini wenye mwavuli wa matawi wa kipenyo cha mita nane unafunika mita za mraba 50 hivi, sehemu moja kwa kumi na nane ya kijiraba. Kipimo chetu kinapanda kutoka 0.06 hadi kama 0.1. Mti mzima, wenye mama lishe chini yake, fundi viatu na waendesha bodaboda watano, umekuwa tofauti ya vijinamba viwili nyuma ya nukta. Sentinel-2 za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015 na ya pili 2017, zina pikseli za mita 10 kwa rangi hizo, na hapo mti uleule unachukua nusu ya kijiraba. Unaonekana. Ndiyo sababu ramani nyingi za miti ya mijini zinazoaminika zimetengenezwa miaka hii kumi ya karibuni, si kabla.

Kuna jambo jingine linalojitokeza ukipaka mimea rangi nyekundu, kama wapiga ramani wanavyozoea kuipaka infraredi. Kariakoo inakuwa gridi ya kijivu. Mashariki yake, kabla hujafika katikati ya mji, kunakatiza ukanda wenye wekundu: Mnazi Mmoja. Ukiendelea kuelekea baharini unaona doa la Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann kwa ajili ya kujaribu mazao na miti ya kigeni. Kaskazini, Oysterbay yote ni mabaka mekundu. Hii ni ramani ya mimea, lakini ni ramani ya sheria vilevile. Waingereza waliligawa jiji kwa kanda tatu, za Wazungu, Wahindi na Waafrika, wakaacha eneo la wazi kati ya Uhindini na Kariakoo wakidai ni kwa ajili ya afya. Eneo hilo la wazi ndilo Mnazi Mmoja. Viwanja vikubwa vyenye miti vikaenda kwa kanda ya kwanza, vidogo vilivyobanana vikaenda kwa ya tatu. Kanda hizo zilifutwa zamani. Sensa haiziulizi tena. Lakini setilaiti iliyorushwa zaidi ya nusu karne baada ya Uhuru bado inazichora, kwa kuwa mti uliopandwa mwaka 1930 haukupewa taarifa.

*

Mimea, basi, ina sahihi moja kubwa inayoonekana wazi. Miamba ina sahihi nyingi ndogondogo, na hapa ndipo kazi inakuwa ya mtu mvumilivu.

Chuma kilichopata kutu ndani ya udongo hula buluu na kurudisha wekundu, kwa hiyo udongo mwekundu wa bara unaupata kwa kugawanya rangi nyekundu kwa buluu. Madini ya mfinyanzi, kama kaolini, hula mwanga kwenye infraredi ya mawimbi mafupi, karibu na mikromita 2.2. Chokaa hula mbele kidogo, kama mikromita 2.33. Tofauti kati ya kaolini na chokaa ni ya sehemu ndogo sana ya mkanda wa mwanga, na kamera za Landsat na Sentinel-2 zina dirisha moja pana tu pale, lisiloweza kuzitenganisha. Chombo cha ASTER, kilichorushwa mwaka 1999, kilikuwa na madirisha sita kwenye eneo hilo. Wajiolojia walikipenda mno. Mwaka 2008 sehemu hiyo ya chombo ikaharibika, na tangu hapo wengi wao bado wanatumia picha zake za zamani, jambo ambalo halina shida kubwa kwa mtu anayechunguza mwamba wa miaka milioni mia sita.

Sasa jaribu hivi. Iambie programu igawe eneo lote la Dar es Salaam kwa makundi matano kulingana na namba zake, bila kuipa jina lolote. Maji yatajitenga haraka. Mimea minene nayo. Halafu utakuta mara nyingi mapaa na sakafu za zege za katikati ya mji zimewekwa kundi moja na machimbo ya chokaa ya Wazo, mitaro ya mchanga na viwanja vilivyokwanguliwa pembezoni. Vitabu vya kiada vinaliita hili kosa, na vinatoa mbinu za kulisahihisha. Kwa mtu anayehesabu nyumba ni kosa kweli. Kwa mjiolojia si kosa hata kidogo. Programu imeulizwa kuhusu mawe, imejibu kuhusu mawe.

Fuatilia tu nguzo moja ya ghorofa la Mtaa wa Msimbazi. Saruji yake huenda imetoka Wazo Hill, ambako kiwanda cha Twiga kinazalisha tangu 1966 kwa kuchoma chokaa ya matumbawe ya kale, viumbe waliojenga miamba yao chini ya bahari kabla pwani haijainuka. Mchanga umetoka kwenye mito ya kaskazini mwa jiji, Mpiji au mojawapo ya jirani zake, ambako tipa zimekuwa zikishuka kingoni kuchota hata pale zilipokatazwa. Kokoto ngumu zimekuja kwa barabara ya Morogoro kutoka Lugoba, upande wa Chalinze. Hizo ni habari nyingine kabisa: ni mawe ya Ukanda wa Msumbiji, yaliyobanwa na kupikwa chini ya mabara yalipogongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Chini ya nguzo hiyo, ardhi yenyewe ya Kariakoo ni mchanga na udongo laini uliotuama pwani juzijuzi kwa hesabu za kijiolojia. Kwa hiyo mwamba wa zamani kuliko wote mtaani uko ghorofani, na ulio mchanga uko chini. Katika maumbile mpangilio huo kwa kawaida huhitaji tabaka zikunjwe au zisukumwe moja juu ya nyingine. Pale ulihitaji saidia fundi na ndoo.

Mimi naamini ndivyo jiji linavyopaswa kusomwa kutoka angani: ghorofa na shimo ni jiwe moja lililopigwa picha mahali pawili. Ukichukua picha za Landsat za mwaka wowote wa miaka ya 1990 na kuziweka kando ya za leo, Kariakoo haionekani kubadilika sana. Ilikuwa imejaa, bado imejaa. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ua nyuma zimeondoka, mahali pake pamesimama majengo ya ghorofa nane, kumi na zaidi, lakini pikseli haina habari ya kwenda juu. Paa ni paa. Mabadiliko yako Wazo, Mpiji na Lugoba, ambako kijani cha mwaka ule kimekuwa cheupe. Anayetaka kupima ujenzi wa Kariakoo kwa picha za bure, akapime mashimo.

Neno "bure" si la kupita hivihivi. Hadi mwaka 2008 picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu Ardhi aliyetaka kulinganisha miaka mitano alipaswa kuwa na mfadhili. Mwaka huo Marekani ikafungua ghala lote. Ulaya ilipoanza kurusha Sentinel ikafanya hivyohivyo tangu siku ya kwanza. Kwa pwani yetu bado kuna mapengo, maana picha safi za miaka ya 1980 ni chache na mawingu ya masika na vuli hayajali ratiba ya mtu. Miezi ya kuaminika ni Juni hadi Septemba.

Ukiwa na picha za kulipia zenye pikseli ya chini ya mita moja, urefu wa jengo unaweza kuupata kwa kivuli. Mwezi Juni, saa hiyohiyo ya nne na nusu, jua liko kama nyuzi 50 juu ya upeo, na jengo la mita 30 linatupa kivuli cha mita 25 hivi kuelekea kusini-magharibi. Mitaa mingi ya Kariakoo ina upana mdogo kuliko huo. Kivuli kinavuka barabara, kinapanda ukuta wa jirani, na kinachanganyika na kivuli cha jirani huyo. Hesabu inayofanya kazi vizuri Mikocheni inakwama hapa. Rada nayo, inayotuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza mwangwi, inapenda kona za ukuta na barabara mno. Kwenye picha ya Sentinel-1 eneo lote linang'aa kiasi kwamba jengo moja kulitenga na jingine ni shida. Na vyote hivi vinaona vya juu tu. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya ishirini lilikuwa, kwa macho ya angani, paa kati ya mapaa.

*

Kabla ya setilaiti watu walifanyaje? Walitembea. Mmoja wao aliishi Dar es Salaam na namkumbuka kila ninapoona kijana anapakua data ya nchi nzima kwa dakika kumi. Clement Gillman alikuja mwaka 1905 akiwa mhandisi wa reli ya kati ya Wajerumani, reli inayoanzia hatua chache tu kutoka Gerezani. Waingereza waliposhika nchi aliendelea nao, akawa mhandisi mkuu wa reli, kisha mshauri wa masuala ya maji. Miaka yote hiyo alikuwa akiandika alichokiona kando ya njia: hapa miombo imeanza, hapa imekoma, hapa vichaka, hapa mbuga. Alifariki mwaka 1946. Ramani yake ya aina za uoto wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949.

Wakati wa uhai wake, kule Amani kwenye milima ya Usambara, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alikuwa ameonyesha mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki unajipanga kwa utaratibu unaojirudia kutoka kileleni hadi bondeni: mwekundu juu, wa kijivu katikati, mweusi wa kupasuka chini. Kila udongo una mimea yake. Miombo inavumilia ardhi ya kichanga isiyo na rutuba, juu ya mawe ya kale. Migunga na nyasi zinashika udongo mweusi wa mbuga. Hili ndilo linalomwokoa mpiga ramani wa nchi yenye mvua. Sehemu kubwa ya Tanzania, mwamba haujitokezi. Umevaa udongo na udongo umevaa majani. Unachopima kwa setilaiti ni majani, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye jiwe, kama mnunuzi wa tikiti anayegonga ganda kwa kidole ili ajue ya ndani.

Kugonga ganda kuna hatari yake. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache tu, sehemu nzuri ya safari hiyo ikiwa ndani ya ndege, ukitafuta ardhi ya kulima karanga. Kongwa ikachaguliwa. Kutoka juu vichaka vilionekana kitu cha kufyekwa tu. Chini kulikuwa na udongo wa mfinyanzi unaokauka ukawa mgumu kuliko jembe la trekta, na mvua isiyoaminika. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Wagogo wa pale walijua habari ya ardhi hiyo, na hawakutoza dola 600 kwa picha.

Hata leo kazi ya ardhini haijaisha. Wizara ya Madini imekuwa ikieleza kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyofanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege, na inataka ifike asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Ndege hizo hupima sumaku na mionzi ya miamba, vitu ambavyo mwanga wa jua haubebi. Na mjini, Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015 iliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa wakapite uchochoro kwa uchochoro, huku ndege zisizo na rubani zikipiga picha zenye kuonyesha vitu vya sentimita chache. Droni iliona mfereji. Mkazi wa mtaa alisema mfereji huo umeziba tangu lini na maji yanafika dirisha la nani.

*

Nimezungumza mno kuhusu mawe. Mimea ya Kariakoo nayo imesafiri.

Nyumba za zamani za mtaa huu zilijengwa kwa miti ya mikoko kutoka delta ya Rufiji, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti, baadaye mabati. Delta hiyo ina moja ya misitu mikubwa ya mikoko Afrika Mashariki, kama hekta elfu 50, na iko ndani ya kipande kilekile cha mkondo 166 safu 65. Kwa hiyo msitu na nyumba iliyojengwa kwa msitu huo vilikuwa vikipigwa picha ndani ya nusu dakika moja. Siku hizi mbao za kumwagia zege zinatoka kwenye mashamba ya misonobari ya Sao Hill, Mufindi, ambayo kwenye setilaiti yanajulikana mara moja kwa vipande vyake vyenye kona, kila kipande na umri wake na kijani chake.

Halafu kuna mkaa. Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mpishi wa Kariakoo angeuelewa bila kusomewa takwimu. Walipima misitu ya Mkoa wa Pwani kwa kuingia ndani yake, wakalinganisha hali ya 1991 na ya 2005, wakaona uharibifu ukienda kwa mawimbi kutoka Dar es Salaam. Mbele kabisa hutangulia wakata mbao za thamani, mkongo na mvule. Nyuma yao wanafuata wakata miti ya ujenzi wa kawaida. Mwisho wachoma mkaa, ambao hawachagui sana. Wimbi la mkaa lilikuwa kama kilomita 20 kutoka mjini mwaka 1991. Mwaka 2005 likafika kama kilomita 50. Lile la mbao lilikimbia hadi kilomita tisa kwa mwaka.

Kinachonivutia kwenye habari hii ni kwamba setilaiti ya kawaida ingeweza kukosa hatua mbili za kwanza. Msitu ukiondolewa mkongo wake wote bado una majani mengi, na kipimo chetu kitatoa 0.7 na tabasamu. Umaskini wa msitu unaanza kabla rangi haijabadilika. Ni hatua ya tatu, ya mkaa, inayofungua ardhi na kuleta udongo kwenye pikseli, na wakati huo mkongo umeshakuwa kitanda mahali fulani Keko. Gunia la mkaa lenyewe likifika mjini ni jeusi kwa kila rangi ya mwanga, linameza karibu zote. Mchicha wa Bonde la Msimbazi una bahati zaidi: uliokatwa alfajiri bado unarudisha infraredi saa nne asubuhi kama vile uko shambani, mradi haujanyauka. Lakini unauzwa chini ya paa. Soko kuu lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye miavuli ya zege iliyopinda, lilificha mimea ya mkoa mzima chini ya chokaa ya Wazo, hadi moto wa Julai 2021 ulipoliunguza.

Kuna jiwe moja linalofika karibu na Kariakoo bila lori. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, Kisarawe, kwenye mawe ya mchanga yenye kaolini nyingi, unapita chini ya Gongo la Mboto, Vingunguti na Kigogo, unatandaza mzigo wake Jangwani, kisha unapenya kwenye mikoko ya Daraja la Selander kuingia baharini. Kadiri miteremko ya juu inavyojengwa na kukwanguliwa, mchanga unashuka zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini jijini, na tangu hapo karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imefunikwa na maji zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, pamoja na daraja jipya la juu.

Kwa msomaji wa picha, Jangwani ni somo gumu kuliko Wazo. Mafuriko yakiwa yanaendelea kuna mawingu, hivyo unatumia rada, inayoona maji kama weusi laini kwa sababu mwangwi wake unateleza na kwenda upande mwingine. Maji yakiondoka inabaki tabaka ya mchanga na tope, ambayo ungependa kuipima kwa infraredi ya mawimbi mafupi na kuilinganisha na ardhi ya Pugu. Una muda mfupi. Tope la Msimbazi lina rutuba ya kutosha, ya haki na isiyo ya haki, kwa maana ya vinavyotoka viwandani na vyooni huko juu. Matete na magugu yanaota juu yake upesi, wakulima wa mchicha wanarudi na matuta yao, na mnamo Juni, mawingu yanapofunguka na Landsat kupata picha yake safi ya kwanza, bonde lote linasoma 0.6. Kwenye ramani ya mimea litahesabiwa kuwa limeongezeka kijani tangu mwaka uliopita. Hapo ndipo mtu anapaswa kuvaa viatu vya mpira, ashuke kutoka barabara ya Morogoro na mti wa kupimia, achome chini ya matete aone mchanga mpya una kina gani, kabla tipa hazijaja kuuchota kuupeleka mjini.